Ndoo Saba

Barafu, Mwaloni, saa kumi alfajiri:
ukiipiga shoka inacheka, vipande vinaruka hadi kwenye kanga.
Wanunuzi wa sato hawaulizi imetoka wapi.
Hata mimi, miaka sita, sikuuliza.
Nilibonyeza tarakimu ishirini,
kisanduku kikalia tii,
nikaendelea na maisha.

Hadi usiku ule korongo, yule mwenye upara na mfuko shingoni
(mnamjua, hana haya, anameza hata kandambili),
alipotua juu ya nguzo yetu, Igogo,
akajinyoosha:
bawa moja waya huu,
bawa la pili waya ule.

Mlio mmoja. Mlima mzima giza.
Jokofu langu likashusha pumzi
kama ng'ombe anayepiga magoti.

Ngusa wa shirika akaja na ngazi begani.
Namdai soda tatu. Nikammulikia tochi hivyo hivyo.
Nguzo ile imesimama kwenye ufa wa jabali;
walichimba siku nne, kwa tindo na matusi,
na waya unaoishikilia umefungwa kwenye jiwe
kubwa kuliko nyumba ya mwenye nyumba wangu.
Mwanza hii, hata nguzo huomba ruhusa kwa mawe.

"Umeme wenyewe unatoka ziwani?" nikamwuliza akiwa juu.
Maana ziwa liko pale, ukirusha kokoto linaitikia.
Akacheka hadi mkanda ukalia.
"Maji haya yanatokea Jinja,
yanazungusha mitambo ya wenzetu,
kisha yanakwenda zao Misri.
Wako wewe unatoka Rufiji,
mto usiolijua hata jina la Ukerewe."

Akasimulia huku mikono ikifanya kazi,
maneno yakinidondokea pamoja na kutu:
kule maji yanaanguka, chuma kinazunguka,
umeme unazaliwa na sauti ndogo.
Haifai kwa safari.
Anayenong'ona huishia njiani,
akabaki joto tu juu ya waya.
Basi wanaupandisha, hadi kilovolti mia nne,
kelele ya kuvuka nchi,
mnara kwa mnara, Dodoma bila kupiga hodi,
Singida juu ya alizeti,
Shinyanga juu ya migongo ya ng'ombe,
ukining'inia kwenye vikombe vya kioo usije ukagusa chuma.
Nyakato wanaanza kuutuliza.
Thelathini na tatu. Kumi na moja.
Kila transfoma inasema: shuka, taratibu, huku kuna watoto,
hadi mia mbili na thelathini,
sauti ya kuongelea ndani ya nyumba.
"Hata hiyo inaua," akaongeza. "Usijaribu."

"Sasa safari yote hiyo siku ngapi?"
Akanyamaza, akauma fyuzi kwa meno kama sigara.
"Chembe za waya wako hazijawahi kuiona Singida, Mbuke.
Zinatetemeka papo hapo, mara hamsini kwa sekunde.
Mnaposhusha dagaa mtumbwini, mnapangaje?"
"Mstari. Tunapokezana."
"Nani anatembea?"
"Kikapu."
"Haya basi."

Halafu akasema lile lililoninyima usingizi:
kwamba umeme huu hauna ghala,
unaozaliwa sasa unaliwa sasa;
kwamba nikiwasha jokofu
gurudumu la chuma, huko kusini, gizani,
linahisi mzigo umeongezeka,
dagaa mmoja juu ya lori.

Saa tisa na robo akairudisha fyuzi.
Taa zikapanda mlima, bati kwa bati,
mtu akashangilia, redio ikaendelea katikati ya tangazo.
Korongo alikuwa chini, ananuka manyoya,
mdomo wazi.
Ndoo saba zilikuwa maji tayari.

Nilisimama mbele ya swichi, kidole kimenyooka,
nikaona aibu, kama mtu anayetaka kumwamsha mgeni
aliyelala mbali sana.
Nikabonyeza. Biashara ni biashara.

Soda mbili nimemfutia.
Ya tatu nimeiacha kwenye daftari,
apate sababu ya kupita.